Miaka Niliyokuwa Mvulana wa Sinema

Baba alikuwa fundi wa paa. Vitanda na meza aliwaachia wengine. Yeye alipenda kazi ya juu, na mtu akitaka nyumba yake ya Lindi, mtaa wetu wa Kibera, iezekwe kabla ya mvua, alimwita yeye. Mwaka nilipofikisha miaka tisa, mama alienda nyumbani, magharibi, na dada yangu mdogo, kumuuguza nyanya. Aliniacha na baba kwa wiki mbili ambazo ziligeuka kuwa miezi mitatu. Shule zilikuwa zimefungwa na baba hakujua afanye nini na mimi. Alininyoa kichwa chote kwa sababu ya mapunye, akanivisha kaptura yake ya zamani aliyoikata na kuikaza kwa kamba, akanichukua kazini.

Kazi yenyewe haikuwa ya kawaida. Wazungu wa sinema walikuwa wakijenga kijiji kizima nje ya mji, huko kwenye tambarare za kuelekea Athi, nyumba za nyasi ambazo hakuna mtu angelala ndani. Nyingine hazikuwa na ukuta wa nyuma. Jambo hilo lilimkera baba. Aliziezeka vizuri hata upande ambao kamera haingefika, na msimamizi alipomwambia aache kupoteza wakati, aliitikia kwa heshima na kuendelea vile vile. Mimi nilikuwa naye juu, nikimpitishia kamba na mafungu ya nyasi. Sikuogopa kimo. Wakati huo sikuogopa mambo mengi, na nadhani ni kwa sababu mama hakuwapo wa kunikumbusha.

Walikuwa na mvulana wao, mtoto wa mkubwa fulani wa mjini, mwenye viatu safi na Kiingereza kizuri. Katika hadithi alikuwa yatima anayemwonyesha mwindaji wa kizungu njia ya kwenda kwenye mgodi uliopotea. Siku moja alitakiwa kupita juu ya gogo lililolazwa kwenye korongo. Korongo halikuwa refu sana, na chini walikuwa wametandika magodoro, lakini alisimama mwisho wa gogo akaanza kulia. Wakambembeleza. Akalia zaidi. Jua lilipanda mpaka mpiga kamera akaketi chini akavua viatu. Dairekta, mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, akageuka kutafuta kitu kingine cha kutazama, akaniona mimi nimesimama kwenye kilele cha paa na fungu la nyasi kichwani.

Alininyooshea kidole akasema kitu. Msaidizi wake, kijana wa hapa Nairobi ambaye kila siku alitembea na orodha ya majina mkononi, akaja chini ya paa akamuuliza baba kama huyu ni mtoto wake. Baba akasema ndiyo. Akauliza kama anaweza kupita juu ya lile gogo. Baba alikuwa na kamba mdomoni, na hakuitoa haraka. Alinitazama kwanza.

"Anaweza," akasema.

Hakuna aliyedanganya. Kiswahili chetu kinasema huyu, yule, anaweza, hakisemi kama ni wa kike au wa kiume. Aliyepeleka jibu kwa Kiingereza ni mwenye orodha, naye alikuwa ameshaona kaptura na kichwa kilichonyolewa.

Nilipita juu ya gogo mara nne. Mara ya kwanza nilipita kama mtu anayewahi dukani, wakanirudisha. Mara ya pili walisema niende polepole. Mara ya tatu dairekta mwenyewe alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaonyesha kwa mikono kwamba nyuma yangu kuna mtu anayetaka kuniua, na nikifika katikati nigeuke nimtazame. Nyuma yangu palikuwa na mpishi amebeba sufuria. Nikageuka, nikamtazama mpishi, nikaogopa kwelikweli. Mara ya nne nilikuwa nafanya kwa sababu napenda. Tangu siku hiyo sikuweza tena kukaa mahali nikatulia.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa mama wa mavazi. Alikuwa mtu wa Kawangware, wa zile familia zilizokuwa na ardhi pale kabla ya ploti na vyumba vya kupangisha, mwanamke mzito, mpole, aliyechomeka pini kwenye ukosi wa gauni lake. Alinipeleka nyuma ya nyumba ya nyasi anipime, na hakuhitaji kupima sana. Kisha akaniuliza kama baba anajua kwamba hawa watu wanafikiri mimi ni mvulana. Nikasema anajua. Na mama yako? Nikasema mama yuko nyumbani, hajarudi.

"Basi tutamngoja mama arudi," akasema, akauweka utepe wa kupimia shingoni.

Hakumwambia mtu. Alichukua kitambaa cha rangi ya udongo akanishonea vazi la kufunga bega moja na kushuka hadi magotini, na dairekta alipouliza, akamwambia kwamba wavulana wa kabila lile ndivyo wanavyovaa. Hakuna aliyeuliza ni kabila gani.

Mama aliporudi, kijiji cha nyasi kilikuwa kimeshachomwa moto mbele ya kamera na sinema ilikuwa imeisha. Habari alizipata kwa majirani kabla hajatua mzigo. Sikupigwa. Aliketi kitandani akamsikiliza baba. Mama akachukua ile kaptura akaichana kuwa vitambaa vya kupangusia meza, akaacha nywele zangu ziote, na shule zilipofunguliwa akanishika mkono mpaka mlangoni mwa darasa.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaharibika. Mwalimu alinikalisha karibu na dirisha, halafu akanihamisha, maana kila gari lililopita barabarani lilinifanya ninyanyuke. Nyumbani nilikuwa natumwa maji, narudi na debe tupu kwa sababu nimekwenda kupima kama naweza kutembea juu ya bomba kutoka upande mmoja wa mtaro hadi mwingine. Bwawa lilikuwa karibu na kwetu, na wasichana hawakuruhusiwa kuingia. Niliingia. Nilijifunza kuogelea kwa kuwatazama wavulana na kumeza maji mengi. Usiku nilirusha miguu hadi dada yangu mdogo akakataa kulala na mimi. Mama alisema nina minyoo, akaninunulia dawa.

Siku gari la kijivu la watu wa sinema liliposhuka njia ya Lindi likiyumba kwenye mashimo, watoto wakilifuata, mama alikuwa anafua. Mwenye orodha akashuka, akamsalimu vizuri, akasema dairekta anamtafuta yule kijana. Mama akaingia ndani kukausha mikono ili amweleze mambo yalivyo. Aliporudi na taulo mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari, kiti cha mbele, na nywele zangu nimezifunika kwa kofia ya baba.

Mama alinitazama kupitia kioo kwa muda. Mwenye orodha alikuwa anangoja. Nafikiri kama angekuja mtu mwingine yeyote, angenitoa kwa nguvu, lakini mama alikuwa na haya mbele ya wageni, na kueleza kwamba mtoto wake amedanganya watu wazima wote wale ilikuwa aibu kubwa kuliko kunyamaza. Alisema tu kwamba baba akienda, na mimi niende. Kisha akarudi kwenye karai.

Ndivyo nilivyoendelea. Nilicheza sinema nne katika miaka mitano, zote na yule dairekta wa kofia. Ya pili nilikuwa mwizi wa ramani, nikajificha ndani ya pipa. Ya tatu nilikuwa mtoto anayesoma nyayo za wanyama, nikiwaongoza wazungu wawili na mwanamke mmoja wa kizungu aliyepiga kelele kila akiona jani likitikisika. Humo niliuawa na mamba. Mamba mwenyewe alitengenezwa na baba, kwa mbao na mpira wa magurudumu, na taya zake zilifungwa kwa bawaba za mlango. Baba alikuwa amesifiwa na wakubwa wa ile kazi. Walimtoa kwenye mapaa wakamweka kwenye mambo ya ufundi mgumu. Alijaribu zile taya kwa mkono wake mwenyewe kwa siku tatu kabla ya kuniruhusu nisogee. Kisha akasimama kwenye maji hadi kiunoni, nyuma ya mamba, mahali ambapo kamera haimwoni, akavuta kamba iliyonimeza.

Kila sinema ilikuwa na wiki tano au sita. Baada ya hapo gari lilinirudisha, na mimi nikaanza kungoja upya. Sikuwa na rafiki wa kudumu. Wasichana waliniona nina mambo ya kivulana, wavulana walijua mimi ni msichana. Nilipowaambia nimepanda farasi, hakuna aliyenibishia, lakini pia hakuna aliyetaka kusikia mara ya pili.

Mambo yalibadilika sinema ya mamba ilipoletwa Kawangware. Mama wa mavazi ndiye aliyeleta habari: Jumamosi mchana, ndani ya ukumbi wa mtaa, madirisha yakizibwa kwa magunia. Watu wa ploti yetu karibu wote walikwenda. Tulipanda kutoka Lindi, tukavuka Ngong Road, tukafuata vijia vya mashambani, watoto mbele, na mama nyuma kabisa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi mwenyewe kuiona kazi yangu.

Nilijiona nikitoka nyuma ya mti, mkubwa kama nyumba. Watoto wa ploti wakapiga makofi. Kisha nikafungua mdomo nikasema maneno yangu, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtoto mwingine, nyembamba, yenye mikwaruzo kidogo, na lugha yenyewe haikuwa ile niliyozungumza. Mimi nilikuwa nimesema kwa Kiswahili, "Bwana, tusipite huku." Huyo mtoto alisema kitu ambacho hakikuwa lugha ya mtu. Mbele yangu mzee mmoja akamuuliza mwenzake hiyo ni ya wapi. Mwenzake akasema ni ya kaskazini. Mwingine akasema amekaa kaskazini na hajawahi kuisikia. Nilikaa nikijitazama nikisema vitu nisivyovijua, na kila mara mdomo wangu ulipofunguka nilitumaini ni sauti yangu itakayotoka.

Mamba alipotokea, watoto walicheka. Bawaba zilionekana. Hata watu wazima walicheka, maana kila mtu alijua ni kazi ya fundi wetu. Baba naye alitabasamu gizani, nilimwona. Lakini maji yalipogeuka mekundu na mkono wangu ukabaki juu kidogo, kisha ukazama, mama akasimama, akapita mbele ya watu, akatoka nje.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe karibu na mwanamke anayechoma mahindi. Aliushika mkono wangu, ule ule, akaubonyeza kutoka kwenye kifundo hadi begani, polepole, kama anayekagua nguo iliyokauka.

"Usinionyeshe tena hivyo vitu," akasema. "Kama utaenda, nenda. Lakini usinionyeshe."

Nilimwambia sawa. Ninaloona aibu kulieleza ni kwamba wakati ananishika mkono, masikio yangu yalikuwa ndani ya ukumbi. Nilikuwa nataka kurudi nione kama wale wazungu wangenililia.

Sinema ya nne nilikuwa nimeingia miaka kumi na minne. Mama wa mavazi alikuwa ameanza kunishonea mashati mapana na kusema na dairekta kwamba safari hii mtoto amevaa nguo alizopewa na wamisionari. Aliniambia pembeni kwamba hii ni ya mwisho, nijiandae moyoni. Sikutaka kusikia. Nilikuwa nala kidogo nisinenepe. Nilikuwa nazungumza kwa sauti ya chini, ingawa nilijua sauti yenyewe wataitupa.

Tulikuwa mtoni, mbali na Nairobi, na hadithi ilitaka nivue shati, niruke majini, nimwokoe yule mzungu mkubwa wa hadithi, aliyepigwa risasi ya begani. Kwenye karatasi za mwanzo haikuwapo hiyo. Dairekta aliifikiria asubuhi ile ile akinywa chai, na alikuwa na furaha. Mwenye orodha akanieleza. Nikasema nitaruka na shati. Akarudi akasema hapana, shati litashika maji na halipendezi. Mama wa mavazi akasogea akaanza kusema kitu kuhusu desturi, na nikaona uso wake, vile alivyokuwa amechoka kunitungia makabila. Baba alikuwa ng'ambo ya mto akifunga mtumbwi. Watu labda arobaini walikuwa wamesimama wakinitazama mimi na vifungo vyangu.

"Mimi ni msichana," nikasema.

Mwenye orodha hakutafsiri. Ilibidi nirudie, kwa Kiingereza cha darasani, nikimtazama dairekta mwenyewe.

Nilitarajia afoke. Alivua kofia, akajipangusa kipaji, akaanza kucheka, na wengine wote walipoona anacheka wakacheka pia, hata yule mkubwa mwenye damu ya rangi begani. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza, maana hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu gogo. Akatikisa kichwa, akanishika bega, halafu akakumbuka akaondoa mkono.

Siku ile ile walimleta mvulana kutoka kijiji cha karibu, mwenye kichwa kama changu, akaruka yeye, akipigwa picha kutoka mgongoni. Uso ulibaki wangu kwa sababu ulikuwa umeshapigwa wiki nzima. Kwa hiyo mtoto yule wa mwisho alikuwa na uso wangu, sauti ya mtu wa ng'ambo na mgongo wa mwana wa mvuvi. Kabla sijaondoka nilimuuliza dairekta kama ana hadithi yenye msichana. Alifikiri kweli, hakunipuuza. Akasema katika hadithi hizi za safari na hatari, msichana kama mimi hana mahali, lakini akipata ataniandikia.

Tulirudi na baba nyuma ya lori la mbao. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ya kwanza. Tulipita mji mmoja mdogo na maduka yake yote.

"Niliulizwa kama unaweza," akasema. "Sikuulizwa kitu kingine."

Nikamwambia hilo si jibu.

"Najua si jibu." Alikuwa ameshika ubao mmoja usiteleze. "Mtoto wa mkubwa alikuwa analia pale chini, na wewe umesimama juu kama umezaliwa huko. Nilifurahi. Nikaogopa nikiongeza neno watakushusha. Halafu siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu kusema kuliko jana yake."

Sikumkasirikia, ingawa nilijaribu.

Barua haikuja. Nilikaa miaka miwili nikiingoja, na sijui kama naweza kuieleza miaka ile. Shule niliimaliza kwa kusukumwa. Karibu kila siku nilitembea kutoka Kibera hadi Kawangware kumuuliza mama wa mavazi kama amesikia lolote. Wakati ule hakukuwa na nyumba hizi zote, nilikata mashamba ya watu nikafukuzwa na mbwa. Alikuwa na chumba cha mbele kwenye ploti yao, karibu na mahali ambapo baadaye kila mtu alipaita 56, na humo alishona sare za shule na magauni ya harusi wakati hakuna sinema. Nilikuwa naingia, nauliza, nasimama mlangoni, natoka, natembea hadi sokoni, narudi. Alivumilia miezi kadhaa. Siku moja aliniwekea kiti mbele ya cherehani ya pili akaniambia kama lazima nizunguke, basi nizungushe gurudumu. Nilishona mstari mmoja wa pindo. Nikatoka tena.

Nilikuwa na miaka kumi na sita niliposikia, si kwake bali kwa mpiga mbiu wa sokoni, kwamba wanatafuta watu mia wa kujaza sinema, watu wa kukimbia na kusimama. Nikaenda bila kumwambia mtu. Dairekta alikuwa mwingine, kijana. Mwenye orodha alikuwa yule yule, amenenepa, na alinitambua akacheka, akaniita kijana, akaniweka mbele kwa hisani. Tulivishwa kaniki. Kazi yetu ilikuwa kukimbia kutoka sokoni, kijiji kinaungua.

Nilikimbia nilivyofundishwa. Nilipofika katikati niligeuka nikatazama nyuma, nikaona kilichokuwa kinanifuata, na uso wangu ukafanya kazi yake yote. Kamera ikasimamishwa. Tukarudishwa. Tukakimbia tena, wakasimamisha tena. Dairekta alizungumza na mwenye orodha kwa muda, na mwenye orodha akaja akitazama chini.

"Anasema kuna mtu mmoja anaigiza," akaniambia. "Anaharibu picha. Wengine wanakimbia tu."

Akanihamisha nyuma kabisa, kando ya punda. Mara ya tatu nilikimbia tu. Hawakusimamisha.

Jua lilikuwa bado kali. Nilizunguka lile pori la kambi nikitafuta maji, na chini ya turubai nikamkuta mama wa mavazi, mbele yake rundo la kaniki zilizoraruka kwa zile mbio. Hakushangaa kuniona. Hakuniuliza nimekujaje. Alinipa sindano iliyotungwa uzi, na mimi nikaketi juu ya sanduku nikaanza kushona, nikiwa bado nahema, na vumbi la punda likiwa kwenye nywele. Nilishona hadi wakaita watu wa jioni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kuniambia basi, inatosha, na mimi nikataka kuendelea.

Nisidanganye nikasema nilitulia. Nilijifunza kazi kwake kwa miaka minne, na katika miaka hiyo nilimwachia nguo za watu hazijaisha, nikapanda malori kwenda Naivasha na Voi niliposikia kuna sinema. Lakini sasa nilikwenda na mkasi. Baadaye nilipata chumba changu hapo hapo Kawangware, nikaolewa na fundi wa vyuma aliyekubali kwamba kuna miezi sitakuwapo. Alikubali kwa mdomo. Moyoni ilimchukua muda, na kuna mwaka mmoja alirudi kwao nikadhani harudi. Alirudi. Watu wa sinema waliokuja miaka ya themanini walikuwa wengi zaidi, na vyombo vikubwa zaidi, na watoto waliocheza walikuwa na walimu wao na miavuli yao. Niliwavisha. Wengine waliogopa, na niliwaacha waogope kwa kadiri walivyotaka kabla sijamwita mtu.

Katika miaka yote hiyo mama hakuuliza hata mara moja nafanya nini huko. Alishika neno lake la pale kwenye jiwe, na mimi nililishika pia. Baba alikuwa amekwenda kupumzika nyumbani, magharibi, na mgongo wake mbovu, mama akabaki Lindi na duka lake dogo la makaa na mboga za sukuma. Kisha mwaka mmoja tulihitaji wanawake wazee wa kukaa nje ya kanisa, sinema ikipigwa si mbali, huko Karen. Nilimpelekea ujumbe kwa utani tu. Asubuhi alikuwa wa kwanza pale mahali pa kupandia basi, na kile kitambaa chake, na mfuko wa viazi vilivyochemshwa.

Nilimvisha mwenyewe. Nilimfunga leso, nikamkalisha kwenye benchi na wenzake saba, nikaenda kushughulika na mkanda wa padri uliokuwa umepotea. Kila nilipopita nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, uso mbele. Saa tatu, saa tano, saa saba. Wenzake walikwisha kuvua viatu na kuzungumza habari za wajukuu. Yeye hakulegea. Mtu alimletea kiti chenye mgongo akakikataa.

Saa tisa walivunja, wakaanza kukunja nyaya. Nilikwenda kumchukua. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, wanaanza saa ngapi.

Nikamwambia wamemaliza, mama. Wamempiga picha tangu asubuhi, mara sita au saba.

Alitazama kamera, akawatazama wale vijana waliokuwa wakiifunika kwa turubai. "Na hawakusema," akasema.

Nikamwambia huwa hawasemi kwa watu wa benchi. Ni kukaa tu.

Akaanza kufungua viazi vyake, kisha akaacha. Alikumbuka kwamba mara moja, karibu na saa sita, nzi alikuwa amemsumbua akajikuna sikio. Aliuliza kama hilo litaonekana. Nikasema labda. Akaniambia nimwite yule mkubwa wao, nimweleze kwamba hakujua, kwamba kama hawajaondoka anaweza kukaa tena, na safari hii hatajikuna.